Kikaguzi Kilichozibwa Mdomo

Asubuhi za Nikuze zilikuwa za mbio. Alifagia uwanja akikimbia, akawapelekea mbuzi maganda ya ndizi akikimbia, na uji aliunywa akiwa wima mlangoni, begi begani na kamba za viatu zikiburuta chini. Bibi yake, Kantengwa, aliyekuwa akichambua maharage kibarazani, alitikisa kichwa.

"Uji hauna miguu, Nikuze. Keti unywe."

"Leo kuna klabu ya kompyuta, Bibi. Shikamoo!"

"Marahaba. Kumbe hata shikamoo unaiacha nyuma, ikufuate kwa mbali!"

Nikuze alicheka, akarudisha kikombe, na huyoo akatokomea kati ya migomba.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa kidato cha kwanza katika shule ya kutwa karibu na senta ya Nyaishozi. Wazazi wake walikuwa vibarua katika mashamba ya kahawa huko Kyerwa na walikuja nyumbani mara chache. Yeye na Bibi waliishi kwa kibanja, yaani lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Humo walipata ndizi za kupika, ndizi za kuivisha, na mkungu wa kupeleka sokoni sabuni ilipokwisha. Kibanja kikistawi, nao wanakula. Kikiugua, wataishi kwa nini?

Na ugonjwa ulikuwepo. Mnyauko wa migomba hauna dawa. Majani hugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na shina likikatwa hutoka ute wa njano. Mgomba ulioshikwa hung'olewa, na kisu kilichougusa hupitishwa motoni, maana kisu hicho hicho ndicho huupeleka ugonjwa kwa mgomba wa pili na wa tatu. Ukiwahiwa, shina moja linakufa na kibanja kinapona. Ukicheleweshwa, hakibaki kitu.

Ndiyo maana wanafunzi waliotangulia katika klabu ya kompyuta walikuwa wametengeneza ukurasa wa mtandaoni uitwao Mgomba Salama. Mkulima akiona dalili, anafungua ukurasa kwenye simu, anachagua kijiji chake, anaandika alichokiona na kubonyeza "Tuma". Ukurasa unamjibu: "Asante, taarifa yako imepokelewa." Wakati huohuo ujumbe unaingia kwenye simu ya bwana shamba, Cleophace, naye anapanda pikipiki na kuja. Kabla ya ukurasa huo, maskini Cleophace alizunguka Nyaishozi, Nyakasimbi na Rugera kwa kubahatisha, akiukosa ugonjwa huku na kuukuta umekwisha kumaliza shamba kule.

Siku hiyo Mwalimu Melkiory aliwakusanya wanaklabu mbele ya kompyuta zao.

"Ukurasa wetu umeandikwa kwa JavaScript, lugha ya kompyuta," alisema, "na umejengwa juu ya kiunzi. Kiunzi ni kama miti ya nyumba kabla ya udongo: wengine wameisimamisha, sisi tumekandika tu. Sasa, wenye kiunzi wametoa toleo jipya. Inatubidi tuhamie huko."

"Lakini Mwalimu, ukurasa si unafanya kazi?" aliuliza Agnetha, msichana mpole aliyekaa jirani na Nikuze.

"Unafanya, Agnetha. Ila wametangaza kwamba toleo la zamani hawalitunzi tena. Mchwa wakiingia kwenye miti hiyo, hakuna atakayekuja kuwaondoa."

Wanafunzi walinung'unika. Ukurasa mzima ulikuwa na mistari mingi ya msimbo, yaani maagizo yanayouendesha, kuliko maharage ya Bibi Kantengwa. Nani angejua upi umepitwa na wakati na upi bado ni mzima?

Mwalimu alitabasamu. "Nimewaleteeni msaidizi. Anaitwa kikaguzi. Ni programu-jalizi, programu ndogo inayopachikwa ndani ya ile tunayoandikia. Inasoma msimbo mstari kwa mstari. Ikikuta kitu ambacho toleo jipya halikikubali, inakipigia mstari mwekundu na kueleza sababu. Tazameni."

Akabonyeza. Ukurasa mzima ukajaa mistari myekundu juu hadi chini. Darasa likaguna kwa mshtuko, na Agnetha akajishika mdomo.

"Msiogope. Makosa mengine kikaguzi kitayarekebisha chenyewe." Akabonyeza tena, na mistari mingi myekundu ikatoweka papo hapo. "Yaliyobaki yanahitaji vichwa vyenu. Mkikuta mstari mwekundu, someni maelezo yake, eleweni, rekebisheni, kisha mjaribu. Msiruke hatua."

Kazi ikagawanywa. Agnetha alipewa ramani ya vijiji. Nikuze alipewa dirisha la taarifa, pale mkulima anapoandika na kutuma.

"Nitamaliza kabla ya kengele," Nikuze alijigamba.

"Mimi sijui kama nitamaliza wiki hii," alisema Agnetha.

"Wewe konokono, nani atakungoja?"

Agnetha alikwisha kufungua kamusi ya Kiingereza.

Mwanzoni Nikuze alikwenda vizuri. Mstari huu akaurekebisha, na ule akaurekebisha. Kisha akafika kwenye mistari michache iliyokataa kabisa. Maelezo yake yalikuwa marefu, ya Kiingereza, na kila alipobadilisha neno mstari mwekundu ulibaki palepale ukimkodolea macho. Kengele ilikaribia, na majigambo aliyoyatoa yalianza kumwasha mwilini. Hapo ndipo alipoona, chini kabisa ya maelezo, namna ya kukiamuru kikaguzi kiruke faili. Ni mstari mmoja mfupi tu, unaandikwa juu kabisa. Aliuandika.

Mistari yote myekundu ikapotea. Ukurasa ukawa safi. Nikuze alihema, akafungua dirisha la taarifa, akaandika "jaribio" na kubonyeza "Tuma". Likajibu: "Asante, taarifa yako imepokelewa." Nani tena angetaka ushahidi zaidi ya huo? Yeye hakutaka.

"Mwalimu, nimemaliza!"

Mwalimu Melkiory alikuwa ameitwa ofisini kwa mkuu wa shule na mguu mmoja ulikwisha kutoka nje. "Umerekebisha yote, Nikuze?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na umejaribu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hongera sana. Mpigieni makofi."

Walimpigia. Nikuze aliyapokea makofi yale, akaifunga faili haraka. Baada ya siku chache Agnetha naye alimaliza ramani yake, na ukurasa ukahamia toleo jipya. Ulifunguka haraka na ulipendeza. Nikuze akasahau.

Majuma yakapita. Mvua zikapungua. Siku moja Bibi Kantengwa alikata majani makavu ya mgomba ulio nyuma ya jiko kwa muhoro wake, kile kisu kilichopinda ambacho kila nyumba huku inacho. Aliposogea nyuma kutazama, aliona jani changa limegeuka manjano na kulegea. Bibi hakuwa na hakika: je, ni jua, au ni ule wenyewe? Akachukua simu, akavaa miwani, akaandika polepole kama Nikuze alivyomfundisha. Jioni alimwambia mjukuu wake kwa maringo.

"Nimemwandikia bwana shamba kwenye ukurasa wako. Umenijibu asante!"

"Si nilikuambia, Bibi? Hauna shida."

Basi Bibi akamngoja bwana shamba. Mgomba ule hakuugusa tena, ila mingine aliendelea kuihudumia kwa muhoro uleule bila kuupitisha motoni, maana hakuwa na hakika kama ni ugonjwa. Na jirani yao, Mzee Sibomana, alipokuja kuuazima muhoro kwa sababu wake ulikuwa umevunjika mpini, alimpa. Muhoro haunyimwi jirani. Ndivyo watu wanavyoishi huku, leo kwangu, kesho kwako.

Mzee Sibomana aliuona mgomba wa nyuma ya jiko. "Kantengwa, mimi ningekwenda kwa bwana shamba kwa miguu."

"Ya nini kujichosha? Nimekwisha kujibiwa. Ukurasa huo ameutengeneza mjukuu wangu mwenyewe."

Mzee alichukua muhoro akaenda zake. Angembishia nani?

Alasiri moja Nikuze alirudi kutoka shule na kumkuta Bibi amesimama katikati ya kibanja. Nikuze alifuata macho yake. Mgomba wa nyuma ya jiko ulikuwa umesinyaa wote. Ulio kando yake ulikuwa wa manjano. Na ule wa tatu, na wengine kuelekea kwenye mibuni. Bibi alikuwa na ndizi mkononi, amezipasua katikati. Ndani zilikuwa za kahawia, zimeoza.

Nikuze alishtuka hadi begi likamwanguka. "Bibi! Bwana shamba alisemaje?"

"Hajaja."

"Hajaja? Tangu siku ile?"

"Si alinijibu asante? Nikasema ana kazi nyingi, atafika." Bibi aliziachia ndizi zikaanguka. "Nikuze, tutakula nini?"

Nikuze alichukua simu na kuutazama ujumbe. Asante, taarifa yako imepokelewa. Imepokelewa na nani? Akilini aliuona ule mstari mfupi alioandika juu ya faili, akaiona na mistari myekundu aliyoizima bila kuisoma. Aliitupa simu kwenye mkeka na kukimbia.

Safari hii zilikuwa mbio za kweli. Alimkuta bwana shamba Cleophace senta, nje ya duka la pembejeo, akipakia mche wa kahawa kwenye pikipiki.

"Shikamoo, bwana shamba. Hukupata taarifa ya Bibi Kantengwa?"

"Marahaba, binti. Taarifa gani?" Cleophace alitoa simu. "Tangu mlipohamia toleo jipya sijapata hata moja. Nilifurahi, nikawaambia watu kanisani kwamba Mungu ametuhurumia, mnyauko umeondoka Nyaishozi."

Nikuze alimtazama asiamini masikio yake. Bwana shamba alikuwa ameshukuru kwa ukimya, kumbe ukimya wenyewe ndio uliokuwa unaua migomba.

"Umefika kwetu," alisema kwa shida. "Mashina ni mengi."

Cleophace aliduwaa. Kisha akashusha mche chini. "Labda ni mtandao. Huku mtandao unasumbua sana."

Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa. Nikuze angesema ndiyo, ni mtandao, na hakuna mtu ambaye angemnyooshea kidole.

"Si mtandao," alisema. "Ni mimi. Kikaguzi kilinionyesha makosa nikakiziba mdomo. Nikamdanganya Mwalimu kwamba nimerekebisha."

Cleophace hakumkaripia, na hilo lilimuumiza zaidi. Alivaa kofia yake ngumu tu. "Panda. Tumpitie Mwalimu, halafu twende kwa Bibi. Kulia utalia baadaye."

Mwalimu Melkiory alikuwa bado shuleni na Agnetha pamoja na wanaklabu wengine. Nikuze alisimama mbele yao akarudia maneno yale yale. Mwalimu alifungua faili, akaona ule mstari mfupi juu kabisa, na uso wake ukabadilika.

"Ufute," alimwambia Nikuze.

Aliufuta. Mistari myekundu ikarudi mara moja, yote, kana kwamba ilikuwa imejificha mlangoni ikisubiri kuitwa.

"Soma huu hapa kwa sauti."

Nikuze alisoma, Agnetha akimsaidia kwa kamusi. Maelezo yalikuwa wazi kabisa. Zamani, mkulima alipomaliza kutuma na dirisha likajifunga, kiunzi kiliita kazi ya mwisho kwa jina lake, na kazi hiyo ndiyo iliyopeleka ujumbe kwa bwana shamba. Toleo jipya limelibadilisha jina hilo. Jina la zamani haliitwi tena na yeyote. Kazi ile ilikuwa imekaa tu, haiitwi, hailalamiki, na ujumbe wa wakulima ukapotea hewani.

"Kwa hiyo kila aliyeambiwa asante..." Agnetha alianza, akashindwa kumaliza.

"Ameambiwa bure," alisema Mwalimu kwa sauti ya chini. "Na ukurasa hauhifadhi majina. Hatujui ni nani wengine."

Watoto walitazamana kwa hofu. Kila mmoja wao alikuwa na kibanja nyumbani.

Kurekebisha kwenyewe hakukuwa jambo kubwa. Nikuze alibadilisha jina, akasoma maelezo ya mstari unaofuata, akaurekebisha, na unaofuata tena, bila kuruka hata mmoja. Akatuma jaribio. Simu ya Cleophace ikalia mfukoni mwake. Hakuna aliyepiga makofi. Kosa lililowatesa wakulima majuma yote yale lilikuwa limerekebishwa kwa muda mfupi kuliko mapumziko ya chai, na jambo hilo liliwashangaza kuliko yote.

Walikwenda kwa Bibi wote pamoja. Cleophace alikagua, akapigia alama migomba ya kung'oa. Wanaklabu waling'oa mashina pamoja na mizizi, wakayakatakata na kuyafukia, na kila kisu kilipitishwa motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Bwana shamba aliuliza muhoro wa Bibi ulikuwa umefika wapi.

"Kwangu," alisema Mzee Sibomana, aliyekuwa amekuja kusaidia kung'oa.

Walikwenda kwake mbio. Ugonjwa ulikuwa umeanza kwenye mashina machache karibu na njia. Wakayang'oa. Mzee alimgeukia Nikuze.

"Nimekata mingine ya kule bondeni kwa muhoro ule," alisema. "Nitaitazama kila asubuhi. Na wewe utakuja tuitazame wote."

"Nitakuja, Babu."

Lakini wale wengine je, walioambiwa asante bure? Huku kwetu, tangazo likitaka kufika kila nyumba, hupelekwa kanisani. Jumapili, ibada ilipofika kwenye matangazo, Nikuze alisimama mbele ya usharika wa Kilutheri, Mwalimu Melkiory akiwa kando yake.

"Kama ulituma taarifa ya migomba kwenye ukurasa wa Mgomba Salama, na ukaambiwa asante," alisema, "taarifa hiyo haikufika. Kosa ni langu. Naomba mnisamehe, na naomba umwone bwana shamba leo hii. Yuko hapo nje."

Minong'ono ilipita kanisa zima. Kisha mkono ukainuka nyuma. Ukainuka mwingine upande wa kina mama, na mwingine, na mwingine. Nikuze aliitazama mikono ile akahisi machozi yanamlenga. Hakudhani ingekuwa mingi kiasi kile. Agnetha alilitoa tangazo hilohilo kwa Wakatoliki, na huko pia mikono iliinuka.

Kazi ya majuma yaliyofuata ilikuwa ngumu. Kila baada ya masomo klabu ilimfuata Cleophace shamba kwa shamba, wakang'oa, wakafukia, wakachoma visu. Nyumba chache zilipoteza sehemu kubwa ya vibanja vyao. Nyingi ziliwahiwa. Kwa Bibi Kantengwa upande wa jiko ulibaki wazi kama uwanja, lakini upande wa bondeni ulisimama, na mwezi ulipokwisha bwana shamba aliupitia mgomba kwa mgomba bila kuona jani la manjano.

"Kibanja kimepona, Bibi," alisema. "Ndizi za kula mtapata. Pale wazi pandeni maharage kwanza, migomba baadaye."

Bibi aliketi kibarazani, akashusha pumzi ndefu. Mwalimu Melkiory na wanaklabu walikuwa wameketi uwanjani, mikono imejaa udongo, wakila ndizi na maharage.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," alisema Mwalimu. "Nikuze, kikaguzi kilipokupigia mstari mwekundu hakikuwa kinakutukana. Kilikuwa kinakuambia ugonjwa ulipo wakati bado unatibika. Kukinyamazisha hakukuponya kitu, kuliuachia ugonjwa njia. Mtu anayekuonyesha kosa lako mapema, awe mashine, awe mwalimu, awe rafiki anayekwenda polepole, huyo anakupenda. Na kosa si lako peke yako. Mimi nilikuuliza kwa mdomo nikapokea jibu la mdomo, nami nilipaswa kufungua na kutazama. Kuanzia sasa, kazi ya kila mmoja itakaguliwa na mwenzake."

"Yangu akague Agnetha," alisema Nikuze.

"Utaweza kumngoja?" aliuliza Mwalimu.

"Nitamngoja."

Agnetha alicheka, akamsogezea bakuli la maharage.

Bibi alimwita Nikuze, akaushika mkono wake wenye malengelenge ya jembe. "Sibomana aliniambia niende kwa miguu, sikwenda. Nilikuamini wewe kuliko miguu yangu."

Nikuze aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Bibi."

"Nilikwisha kukusamehe siku ile ulipokataa kusingizia mtandao. Bwana shamba aliniambia." Bibi aliukaza mkono ule. "Bado nakuamini, mjukuu wangu. Ndiyo maana kesho ukiniambia kazi imekwisha, nitakuamini tena. Basi usiniambie mpaka iwe imekwisha kweli."